KIINGEREZA NYUMBANI: Barua Iliyosema “Yaonekana”



Juma hili nilikuwa nimekusudia kuwaandikia habari ya kutaja saa na tarehe kwa Kiingereza, kama nilivyoahidi. Lakini limetokea jambo katika kigango chetu, nami nimeona somo lile laweza kungoja. Wenyewe wameniruhusu kulisimulia, mradi nisitaje majina yao wala jina la shule. Basi nitasimulia kwanza, kisha tutaingia darasani.

Siku ya Jumanne, jua likikaribia kuchwa, nilikuwa nyuma ya nyumba nikifungia kuku. Nikasikia hodi. Nilipokwenda mbele nikamkuta mzee mmoja, jirani yangu wa upande wa mtoni, pamoja na mkewe. Mzee hakutaka kukaa. Mama alikaa, akafungua pindo la kanga yake, akatoa barua iliyokunjwa mara nne.

“Mwalimu,” akasema, “tumekuja utusomee barua hii.”

“Imekwisha kusomwa,” mzee akadakia.

“Ndiyo, Baba, imesomwa. Nataka isomwe tena.”

Barua ilitoka katika shule ya bweni anakosoma binti yao, kidato cha nne. Iliandikwa kwa Kiingereza, kama zilivyo barua nyingi za shule zile. Jumapili baada ya ibada alikuwa ameisoma mpwa wa mzee, kijana wa kidato cha pili, akasema: “Mjomba, wanasema ada haikulipwa, na dada hatafanya mtihani.” Basi. Maneno hayo machache tu.

Sasa sikilizeni maneno hayo yaliangukia wapi. Ada ile ilikuwa bei ya ng’ombe mmoja na magunia kadhaa ya mpunga. Mwanzo wa mwezi mzee alimkabidhi fedha zile mwanawe wa kwanza, azipeleke benki mjini. Kijana alikwenda asubuhi, akarudi jioni, akasema, “Nimelipa, Baba.” Baada ya siku tatu akavuka mto kwenda kuvuna mpunga kwa ujira. Kwa hiyo mzee aliposikia kwamba ada haikulipwa hakuuliza neno la pili. Alimwambia mkewe atoe nje vitu vyote vya kijana, na atakaporudi asipewe hata maji. Mama alitoa mkeka mmoja tu, akauegemeza ukutani ili mzee auone. Vingine hakuvigusa. Siku mbili mkeka ule ulikaa pale, na watu wakipita njiani waliutazama.

Nikavaa miwani nikasoma. Barua ilikuwa na sentensi nne tu, nami nitaziandika hapa zote, kwa maana ndizo somo letu la leo:

“It appears that the school fees for this term have not been paid. The trouble is that the examination entries close at the end of the month. The question is whether your daughter can be entered. Our request is that a parent come to the school with the receipts.”

Nilipomaliza nikamwuliza mzee, “Barua hii inasema ada haikulipwa?”

“Ndivyo alivyosema mpwa wangu.”

“Mpwa wako ameruka neno moja.”

Neno lenyewe ni “appears”. Yule kijana si mjinga. Nimemfundisha mimi mwenyewe katika darasa la sita, nami najua kichwa chake. Lakini alifanya wafanyavyo wengi wetu tusomapo Kiingereza kwa haraka: tunakamata jambo kubwa, yaani ada na mtihani, tunayaacha maneno madogo yaliyo mbele yake. Na katika Kiingereza neno dogo lililo mbele ndilo linalotuambia mwandishi amelishika jambo lake kwa nguvu gani.

Tuanze pale pa kuanzia. Vitenzi vingi vya Kiingereza vyataja kazi: kulima, kupika, kukimbia. Lakini viko vichache visivyotaja kazi yoyote. Hivi ni kama bawaba za mlango. Upande mmoja kuna kitu, upande wa pili kuna habari ya kitu hicho, na bawaba katikati yavishika pamoja. Kikubwa chao ni “be”, ambacho mwakijua kwa sura zake “is”, “are”, “was”, “were”. Kwa Kiswahili twasema “ni” au “kuwa”. Wenzake ni “seem” na “appear”, yaani kuonekana kwa fikira. Na “look”, “sound”, “feel”, “taste”, “smell”, ambavyo hutokana na jicho, sikio, mwili, ulimi na pua.

Baada ya bawaba yaweza kuja jina: “My father is a farmer.” Yaweza kuja sifa: “The tea is hot.” Hayo kila mtoto wa shule ya msingi ayajua. Lakini yaweza pia kuja sentensi nyingine ndogo, yenye mtendaji wake na kitenzi chake, ikining’inia pale kama mtoto mgongoni. “The trouble is that the road is bad.” Taabu ni kwamba njia ni mbaya. Hii “the road is bad” ingeweza kusimama peke yake, hapa imebebwa. Barua ya shule ilikuwa na sentensi nne, na zote nne zimebeba mtoto mgongoni. Tuzichungue moja moja, ingawa ya kwanza itatuchukua muda mrefu kuliko zote, kwa kuwa ndiyo iliyotoa mkeka nje.

“It appears that the fees have not been paid.” Wanafunzi huniuliza daima: hii “it” ni nini? Ni kitu gani kinachoonekana? Jibu ni kwamba si kitu. Kiingereza hakiwezi kuanza sentensi ya namna hii bila mtendaji, basi huweka “it” tupu ishike nafasi, kama mtu awekaye kofia yake kitini. Nasi twafanya vivyo hivyo tusemapo “yaonekana” au “inaonekana”: ile “ya-” na ile “i-” hazimwelekei mtu yeyote. Basi “It appears that” na “It seems that” ni “yaonekana kwamba”. Anayeandika hivyo asema: kwa yale niliyo nayo mbele yangu, jambo laelekea kuwa hivi, lakini sijalihakikisha, na kama una habari nyingine, ilete. Ni mlango ulioachwa wazi kidogo.

Angeandika “The fact is that the fees have not been paid”, angekuwa ameufunga mlango. “Is that” yasimamia habari yake kwa miguu miwili. Mzee angekuwa na haki ya kuudhika, ama na mwanawe, ama na shule. Lakini mwandishi hakuandika hivyo. Aliona katika daftari lake nafasi tupu mbele ya jina la binti, naye akaandika kile alichokiona tu.

Hapo niliwaeleza jambo moja nililojifunza zamani seminarini, na ambalo sijawahi kulisahau. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliandika kitabu kikubwa cha Kilatini kiitwacho Summa Theologiae. Kimegawanyika katika maswali, na kila swali katika vifungu. Na karibu kila kifungu huanza kwa maneno mawili: “videtur quod”, yaani “yaonekana kwamba”. Kisha Tomaso huandika fikira za wale wasiokubaliana naye, moja baada ya nyingine, kwa haki kabisa, bila kuzidhihaki. Ndipo asemapo neno la kuzipinga, ndipo atoapo jibu lake mwenyewe. Hata anapofika katika swali la kwamba Mungu yuko au hayuko, aanza vivyo hivyo: asema yaonekana kwamba hayuko, na kuleta hoja mbili. Kisha aeleza njia tano za kuonyesha kwamba yuko, na mwishowe azijibu zile hoja mbili.

Mwalimu wetu wa Kilatini alikuwa akicheka akisema, “Mtu avivu atakayesoma mstari wa kwanza akafunga kitabu, atakwenda kutangaza sokoni kwamba Mtakatifu Tomaso hakumwamini Mungu!” Nikamtazama mzee. Hakucheka, lakini alivuta kigoda, akakaa.

Sasa kosa letu wenyewe katika jambo hili, sisi wasemaji wa Kiswahili. Kwa Kiswahili twaweza kusema “Anaonekana kwamba ni mgonjwa.” Tukihamisha neno kwa neno twapata “He seems that he is sick”, na hiyo si Kiingereza. “Seem” na “appear” zikifuatwa na “that”, mbele yake lazima iwe “it” tupu: “It seems that he is sick.” Ukitaka kuanza na mtu mwenyewe, acha “that”: “He seems to be sick”, au kwa ufupi “He seems sick.” Kosa hili nimelikuta hata katika barua za waalimu, na mkono wangu mwenyewe haukuwa safi siku zote.

Na “look”? Hiyo haipendi “that” kabisa, hata kwa “it”. Hatusemi “It looks that rain will come.” Twasema “It looks as if it will rain.” Vivyo hivyo “It sounds as if the lorry is coming”, yasikika kana kwamba lori laja. Hii “as if” ndiyo “kana kwamba” yetu, au “utadhani”. Angalieni pia “feel”. “I feel as if I have a fever” ni habari ya mwili: najisikia kana kwamba nina homa. Lakini “I feel that he is wrong” haihusu mwili. Ni “naona amekosea”. Hapo “feel” imeacha kuwa bawaba, imekuwa kitenzi cha kufikiri.

Tukiwa hapo, mzee akamgeukia mkewe akasema kwa uchungu, “Tangu Jumapili wewe wasema kana kwamba ulikuwa benki ukimtazama akihesabu fedha!” Nikaliandika neno lake ubaoni, maana mimi nina ubao mdogo ukutani, watu hunicheka kwa ajili yake: “You talk as if you were at the bank.” Mbona “were”, na si “was”? Kwa sababu jambo lenyewe si kweli. Mama hakuwako benki, na mzee ajua hakuwako. Ni sawa na “-nge-” yetu. “He looks as if he is sick” yamaanisha labda ni mgonjwa kweli. “He talks as if he were the chief” yamaanisha si chifu hata kidogo. Waingereza wengi siku hizi husema “was” mahali hapo, na hamtafungwa mkifanya hivyo, lakini katika barua “were” yapendeza zaidi.

Mama akasema polepole, “Sikuwa benki. Lakini nilimzaa.”

Tuendelee na sentensi ya pili. “The trouble is that the examination entries close at the end of the month.” Hapa hakuna “yaonekana”. Mwisho wa kuandikisha majina waujua, nao ndio huo. Mkitaka kueleza shida, ukweli, sababu au bahati yenu kwa Kiingereza, huu ndio mkono wa jembe: “The trouble is that…”, “The truth is that…”, “The reason is that…”. Katika mazungumzo “that” huachwa mara nyingi, na si kosa; katika barua iwekeni. Neno hili lenyewe hapo zamani lilikuwa la kuonyesha kwa kidole: taabu ni hilo, njia ni mbaya. “Kwamba” yetu imetoka kwingine, katika kitenzi cha kale “kuamba”, maana yake kusema, ambacho bado twakisikia ndani ya “kuambia”. Basi Mwingereza aonyesha kidole, nasi twasema, na sote twafika mahali pamoja.

Juu ya “The reason is” nina neno moja. Wengi huandika “The reason is because the bridge is broken.” Vitabu vingi vya sarufi huikataa, maana “reason” na “because” ni kusema sababu mara mbili: sababu ni kwa sababu. Waingereza wenyewe huisema kila siku. Hata hivyo ninyi katika mitihani na maombi ya kazi andikeni “The reason is that”, asipate mtu wa kuwakata alama.

Sentensi ya tatu: “The question is whether your daughter can be entered.” Mpwa wa mzee alisoma hapa kwamba binti hatafanya mtihani. Lakini “whether” haisemi ndiyo wala la. Ni “kama”, yaani kama aweza au hawezi, na jibu halijatolewa. Kumbe tena mlango ulikuwa wazi, na tena kijana aliusoma kama umefungwa. Simlaumu sana. Barua ya shule mkononi mwa mtoto mbele ya mjomba mkali ni kitu cha kutetemesha.

Mzee akaniuliza, “Basi swali langu mimi ni fedha ziko wapi. Hilo nalo laandikwaje?” Swali zuri, kwa maana lina mtego. Wengi wataandika “The question is where is the money?” Hapana. Swali likishabebwa mgongoni hunyamaza, laacha mpangilio wa kuuliza, lafuata mpangilio wa kawaida: “The question is where the money is.” Mtendaji kwanza, kitenzi baadaye, na mwisho nukta. “The question is who will go.” “The question is when the lorry leaves.” Shikeni hilo vizuri. Nimesahihisha kosa hili mara nyingi kuliko nywele nilizobakiwa nazo.

Ya nne, “Our request is that a parent come to the school.” Mpwa alikuwa amemwambia mjomba wake kwamba hata mwandishi hajui Kiingereza, maana “a parent” ni mmoja, na ingepasa kuwa “comes”. Hapana, kijana wangu. Ombi, shauri, au amri ikibebwa hivyo, kitenzi huvuliwa “s” yake. Nasi tuna jambo lilo hilo. Hatusemi “Ombi letu ni kwamba mzazi anakuja”; twasema “mzazi aje”. Ile “aje” ndiyo “come”. Na “be” hubaki “be”: “My wish is that she be patient”, nataka awe mvumilivu. Ukiona ni ngumu weka “should”: “that a parent should come”. Waingereza wa Uingereza hufanya hivyo sana.

Baada ya somo hilo tukawasha taa, tukaandika jibu. Na hapo ndipo palipokuwa na ubishi mkubwa kuliko wote. Mama alitaka tuandike “The fact is that the money was paid.” Mzee alitaka tuandike kwamba mwanawe amezila. Nikawaambia, “Ninyi nyote wawili mwafunga mlango. Nani kati yetu ameiona hati ya benki?” Wakanyamaza. Ndipo tukaandika hivi:

“Our understanding is that the fees were paid at the bank at the beginning of the month. The difficulty is that our son, who paid them, is away from home. It seems that he has the receipt. Our request is that our daughter’s name not be removed before we come.”

“Our understanding is that” maana yake: kwa tujuavyo sisi. Ni nguvu kidogo kuliko “it seems”, lakini bado si kiapo. “Not be removed” ni “lisiondolewe”. Mpwa akaitwa, akaipiga picha kwa simu yake na kuituma shuleni usiku uleule. Mzee alikubali “was paid” isiandikwe, lakini pia alikubali neno lake la kula lisiandikwe. Nikaona hiyo yatosha kwa jioni moja.

Kijana alirudi Alhamisi usiku. Hati ya benki ilikuwa katika mfuko wa koti lake, imelowa jasho lakini yasomeka. Fedha zimelipwa, kiasi kilekile, katika hesabu ya shule ileile. Lakini ile karatasi ya benki ilikuwa na maneno ya Kiingereza. Mahali pa jina la mlipaji alikuwa ameandika jina lake, na mahali pa jina la mwanafunzi akaandika tena jina lake, akidhani wamemwuliza mara ya pili kwa uhakika. Kumbe shuleni fedha zilifika zikiwa na jina la mtu asiyekuwa mwanafunzi wao, nazo zikawa zinamngoja mwenyewe. Ijumaa baba na mwana walikwenda pamoja. Mhasibu alitafuta muda wa saa nzima, akaziona. Jina la binti limepelekwa.

Katika barua yao ya pili, waliyoiacha ofisini ili iwekwe katika faili, waliandika wenyewe bila mimi: “The fact is that the fees were paid on time. The mistake was that the wrong name was written.” Nimeisoma. Haina kosa hata moja.

Mkeka nao umekwisha rudi ndani. Nani aliyeurudisha, sikuuliza.

Sasa kazi ya nyumbani. Andikeni sentensi hizi kwa Kiingereza, wazazi na watoto pamoja, na majibu tutayatoa juma lijalo, kabla ya somo la saa na tarehe:

Bibi anaonekana amechoka (andikeni kwa namna mbili).
Swali ni nani atachunga mbuzi kesho.
Sababu ni kwamba daraja limevunjika.
Yaonekana kana kwamba mvua itanyesha.
Ombi letu ni kwamba Padre aje mapema.